BBC Micro kuukuu iwe mashine ya kuandikia: kufunga na kutumia Wordwise hatua kwa hatua

BBC Micro Model B ina kumbukumbu ya kilobaiti 32, haijui intaneti ni nini, na ukigusa swichi ya nyuma kila ambacho hujahifadhi kinapotea papo hapo. Hata hivyo kwa kuandika tu ni mashine nzuri mno. Kibodi yake ni ya vitufe vya kweli, inawaka kwa sekunde moja, na Kiswahili kinaikaa vizuri kwa kuwa herufi zetu zote zimo ndani ya ASCII, seti ya kawaida ya herufi za kompyuta. Mwongozo huu unaichukua mashine kutoka stoo hadi pale unapobonyeza vitufe viwili na kuanza kuandika ripoti, barua au hotuba, kisha kuitoa kazi hiyo na kuipeleka kwenye laptopu.

Kwa Uganda mashine hii ina faida ambayo zile za Marekani hazina. Ilitengenezwa na Acorn ya Cambridge, ikatoka Desemba 1981 kwa ajili ya mradi wa BBC wa kufundisha kompyuta, na ikaenea katika shule za Uingereza. Basi umeme wake ni ule ule wetu wa volti 240 na hezi 50, plagi yake ni ya miguu mitatu ya mraba, na picha yake ni PAL, mfumo wa televisheni zetu. Huhitaji transfoma ya kushusha umeme. Apple II iliyotoka Marekani ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wa Kampala, umeiua.

Hapa tunazungumzia Model B. Ukipata Master 128 ya mwaka 1986, nusu ya kazi imeshafanyika: View na EDIT, programu za kuandikia, zimo ndani tayari, unaandika *EDIT na kuanza. Ila fungua kwanza uangalie betri ya ndani. Ikiwa imevuja, itoe kabla haijala bodi.

Vitu vya kuwa navyo

Bisibisi ya nyota, mita ya kupimia umeme, brashi laini, na aisopropili ya asilimia 99. Spiriti ya dukani yenye maji mengi huacha unyevu chini ya chipu, usiitumie. Kapasita mbili za daraja la X2, moja ya nanofaradi 100 na nyingine ya nanofaradi 10, zote za volti 250 AC au zaidi. Chuma cha kulehemu, au fundi wa TV mwenye nacho. Adapta ya kadi ya SD ya kuchomeka kwenye User Port, pamoja na chipu ya ROM (chipu inayobeba programu) yenye MMFS, programu inayoifanya kadi ionekane kama diski. Chipu ya Wordwise, programu ya kuandikia tutakayoitumia. UPS ndogo, hata ile ya 650VA inatosha kabisa kwa mashine na skrini. Na kebo ya picha, ambayo tutaifikia.

Usiiwashe kwanza

Hapa ndipo wengi huharibu. Mashine imekaa miaka, mtu anafurahi, anachomeka. Inalia vizuri, inaandika BBC Computer 32K, na baada ya dakika kumi moshi mzito wenye harufu kali unatoka upande wa kushoto. Chanzo karibu kila mara ni kapasita za kuchuja umeme zilizo ndani ya pawasaplai, zile zenye ganda la plastiki ya rangi ya kahawia inayong'aa, zilizoandikwa RIFA. Ndani yake ni karatasi. Ganda hupasuka nyufa ndogo kadiri miaka inavyopita, karatasi inafyonza unyevu wa hewa, na ikipata volti 240 inachemka na kupasuka. Mashine iliyokaa kando ya Ziwa Victoria, Entebbe au Jinja, imevuta unyevu zaidi ya ile iliyokaa mahali pakavu, kwa hiyo usijidanganye kwamba kwa vile haikutumika iko salama. Kutotumika hakuzuii nyufa.

Utaratibu ni huu. Chomoa plagi ukutani. Ondoa skrubu nne zilizoandikwa FIX, mbili nyuma na mbili chini upande wa mbele, uinue kifuniko. Pawasaplai ni boksi la chuma lililo kushoto, limeshikwa kwa skrubu tatu kutoka chini ya mashine. Kabla ya kuchomoa nyaya zake kwenye bodi piga picha kwa simu. Nyekundu ni volti 5, nyeusi ni sifuri, na ule mmoja wa zambarau ni volti 5 hasi. Ukiuchanganya wa zambarau na mwekundu hakuna wa kukuokoa.

Ndani ya boksi hilo kapasita kubwa hubeba umeme wa moja kwa moja wa volti 330 hivi hata baada ya kuchomoa. Subiri angalau dakika 15, kisha pima kwa mita kwenye miguu ya kapasita kubwa. Usitie mkono mpaka usomaji ushuke chini ya volti 10. Kama hujawahi kufungua kifaa cha aina hii, mpelekee fundi wa TV. Hana haja ya kujua kompyuta: pawasaplai hii ni ya kuwasha na kuzima kwa kasi, ndugu moja na ile ya televisheni anayoitengeneza kila siku, na kubadilisha kapasita mbili ni kazi ya nusu saa. Sisitiza kitu kimoja tu, kwamba lazima ziwe X2. Kapasita ya kawaida ya volti 400 itafanya kazi leo na kuwaka moto mwakani, kwa sababu haikuundwa kukaa moja kwa moja kwenye waya za ukutani. X2 imeundwa ikifa isishike moto.

Angalia pia fyuzi iliyo ndani ya plagi. Mashine hii inataka ya ampea 3. Plagi za madukani kwetu huja na ya ampea 13, na hiyo itaacha waya iungue kabla yenyewe haijakatika.

Rudisha pawasaplai, unganisha nyaya kwa kufuata picha, washa, na upime kati ya waya mwekundu na mweusi pale zinapoingia kwenye bodi. Unataka kati ya 4.75 na 5.25. Chini ya hapo mashine itakwama ovyo na utailaumu programu bure.

Kuhusu umeme wa ukutani wenyewe: wakati unaokula vifaa ni ule wa umeme kurudi baada ya kukatika, kwa sababu mara nyingi unarudi ukiwa juu au unayumba. UPS inakupa dakika za kuhifadhi kazi na inakata mshtuko huo. Stabilaiza peke yake haitoshi, kwani umeme ukikatika nayo inakatika. Ngurumo zikianza, na kandokando ya ziwa hazikosekani, hifadhi, zima, chomoa ukutani. UPS haizuii radi.

Usafi na sauti ya kwanza

Vumbi jekundu la murram na mayai ya mende vitoe kwa brashi kavu, kisha aisopropili pale palipobaki uchafu wa kunata. Kibodi imefungwa kwa bolti mbili au tatu zenye nati. Ilegeze uisogeze, chipu za ROM ziko chini yake upande wa kulia. Kitufe kisichoshika, bonyeza mara thelathini au arobaini kwanza. Kikikataa, tone moja la dawa ya kusafishia kontakti.

Ukiwasha, mashine iliyo nzima hulia mara mbili: sauti nene fupi, kisha nyembamba. Sauti moja nene isiyokoma ina maana kwamba mfumo haukuanza kabisa. Zima, bonyeza kila chipu iliyo kwenye soketi kwa kidole gumba mpaka ikae, kisha ujaribu tena. Joto la mchana na baridi ya usiku huzisukuma chipu nje ya soketi kidogo kidogo, na dawa yake mara nyingi ni hiyo tu. Ukiona neno Language? kwenye skrini, mfumo ni mzima ila chipu ya BASIC, lugha ya programu ya mashine hii, haijaonekana.

Picha

Nyuma kuna matundu matatu: la antena, la BNC, na la RGB. Tumia BNC. La antena hutoa picha kwenye UHF chaneli 36, nayo ni hafifu kwa herufi ndogo. RGB ni safi kuliko zote lakini inataka skrini yenye tundu la SCART, na hizo ni adimu huku.

Adapta ya BNC kwenda RCA usiihangaikie kwenye maduka ya kompyuta. Ulizia kwa wanaofunga kamera za CCTV, wanazo mfukoni. Upande wa RCA unaingia kwenye tundu la njano la AV la televisheni, iwe ya kioo kinene au bapa. Kwenye skrini isiyo na AV tumia kigeuzi cha AV kwenda HDMI, ukihakikisha swichi yake au maelezo yake yanataja PAL.

Picha ya BNC kwa kawaida hutoka nyeusi na nyeupe. Kwenye bodi kuna kiungo cha S39 kinachowasha rangi, lakini kwa maandishi iache kama ilivyo, kwa sababu rangi kwenye waya mmoja huzifanya kingo za herufi zitetemeke. Hasara yake ni moja, na tutaiona kwenye Wordwise. Mstari wa kwanza ukifichwa na ukingo wa juu wa televisheni, andika *TV 255, kisha MODE 7, picha itashuka mstari mmoja.

Kuweka Wordwise

Kabla ya kununua chochote andika:

*HELP

halafu RETURN. Mashine itaorodhesha chipu zilizomo. Nyingi zilizopita shuleni zina Wordwise au View tayari. View ni nzuri kwa majedwali na kwa anayetaka herufi 80 kwa mstari. Kwa barua, makala na hotuba Wordwise ni rahisi kuizoea, na inatunza kumbukumbu kwa sababu inaandikia kwenye MODE 7, hali ya skrini ya herufi 40 kwa mstari inayokula kumbukumbu kidogo. Tofauti si ndogo. Diski ikiwepo, kumbukumbu ya kazi huanzia anwani &1900 (namba ya mfumo wa kumi na sita), yaani 6,400. Katika MODE 7 inaishia 31,744, kwa hiyo una baiti 25,344. Katika MODE 3 ya herufi 80 inaishia 16,384, unabaki na 9,984. Neno la Kiswahili pamoja na nafasi yake huchukua baiti saba hivi; Wordwise ikishachukua sehemu yake, hesabu maneno 3,000 kwa faili moja. Kazi ndefu igawe kwa sura.

Kuna soketi nne za chipu za ziada: IC52, IC88, IC100 na IC101, kutoka kushoto kwenda kulia. IC101 ndiyo ya juu kwa cheo. Mashine ikiwashwa, huanza na lugha au programu iliyo kwenye soketi ya cheo cha juu zaidi, kwa hiyo chipu iliyo kulia kwa BASIC inaweza kufunguka yenyewe. Ukitaka BASIC andika *BASIC.

Zima, chomoa ukutani, gusa chuma cha pawasaplai kutoa umeme tuli. Tazama chipu ya BASIC ilivyokaa: kibonyeo cha nusu duara kwenye ncha yake kinaelekea wapi? Yako ielekee huko huko. Chipu mpya huja na miguu iliyotanuka; ilaze ubavu juu ya meza na kuisukuma taratibu mpaka miguu isimame wima, ndipo iingie kwenye soketi. Bonyeza sawasawa pande zote mbili, kisha mulika kwa tochi ya simu uangalie kama kuna mguu uliokunjika chini ya tumbo la chipu. Kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote na halionekani kwa macho ya juu juu. Ukiichomeka kinyume na kuwasha, itapata moto ndani ya sekunde chache, na haiponi.

Ikiwa una chipu halisi ya Wordwise iliyokufa na unaweka nakala yake kwenye W27C512, aina inayofutika kwa umeme, kuna mtego. Chipu hii ina kilobaiti 64, soketi inaona 16 tu, na miguu miwili ya anwani inayozidi imefungwa kwenye volti 5. Basi mashine itasoma robo ya mwisho peke yake. Jaza chipu yote: faili la kilobaiti 16 mara nne, na la kilobaiti 8, kama Wordwise ya kawaida, mara nane. Hivyo popote itakaposoma itakuta kitu kile kile. Ukitumia chipu yenye dirisha la kioo, bandika karatasi nzito juu yake. Jua huifuta polepole.

Washa na uandike:

*WORDWISE

Ikitoka Bad command, chipu haionekani. Rudi kwenye miguu. Ikifaulu utaona menyu yenye namba 1 hadi 8. ESCAPE inakuingiza kwenye ukurasa wa kuandikia, na ESCAPE tena inakurudisha kwenye menyu.

Pa kuhifadhi

Kaseti inafanya kazi lakini inakula subira, na diski laini zimeoza nyingi. Kadi ya SD ndiyo njia ya leo.

Iandae kwenye laptopu. Format kadi upya kwa FAT, kisha kabla ya kitu kingine chochote nakili faili moja liitwalo BEEB.MMB kwenye saraka ya kwanza. Ndani yake mna nafasi za diski 511 za kilobaiti 200 kila moja, na ukubwa wake kamili ni baiti 104,660,992. Lazima likae kwenye kadi mfululizo bila kukatika vipande, kwa sababu MMFS hupiga hesabu ya mahali kutoka mwanzo wa faili tu. Ukilinakili kwenye kadi iliyojaa picha na nyimbo litagawanyika, na mashine itasoma takataka. Hakikisha ndani yake umeandaa diski tupu chache kwa ajili ya kazi zako. Matoleo ya zamani ya programu hii yalikubali kadi zisizozidi gigabaiti 2. Mapya yanakubali SDHC pia.

Chipu ya MMFS iweke kwenye soketi kama ulivyofanya kwa Wordwise, kwenye cheo cha juu kuliko DFS (programu ya kusimamia diski) ya zamani kama imo. Toleo la MMFS lazima liendane na adapta yako. La User Port halifanyi kazi na adapta za aina nyingine. Mashine ikiwa imezimwa, chomeka adapta kwenye User Port chini ya ukingo wa mbele, tundu la kati katika yale matano ya kebo bapa. Usiichomeke wala kuichomoa ikiwa imewaka, mlango huo unabeba volti 5. Washa, kisha:

*DCAT
*DIN 0 5
*CAT

Ya kwanza inaorodhesha diski zilizomo, ya pili inaweka diski namba 5 kwenye drive 0, ya tatu inaonyesha yaliyomo. Ujumbe wa Card? ni kadi kutoonekana: ichomoe, safisha meno yake, jaribu nyingine. Disk read only ni diski iliyofungwa isiandikwe.

Sasa sheria za DFS, ambazo mtu aliyezoea simu atazigonga zote siku ya kwanza. Jina la faili lisizidi herufi saba: RIPOTI1 linakubalika, MUHTASARI linakataliwa. Diski moja hubeba mafaili 31 tu, baada ya hapo utaambiwa Cat full hata kama nafasi imebaki tele. Na ukihifadhi kwa jina lililopo tayari, la zamani linafutwa kwanza bila kuulizwa, ndipo jipya liandikwe. Umeme ukikatika katikati umepoteza yote mawili. Kwa hiyo hifadhi kwa zamu, RIPOTI1, RIPOTI2, kisha RIPOTI1 tena. Toleo la mwisho lifunge:

*ACCESS RIPOTI2 L

Lililofungwa hivyo haliandikwi juu yake.

Onyo linalostahili wino mwekundu: diski ikisema Disk full ilhali umefuta mafaili, dawa ni *COMPACT, inayosogeza yaliyobaki yawe pamoja. Lakini *COMPACT, *COPY na *BACKUP hutumia kumbukumbu ile ile yalimokaa maandishi yako kama meza ya kufanyia kazi. Ukiziita kutoka kwenye menyu ya Wordwise ukiwa na barua ambayo hujahifadhi, barua imekwenda. Ukikwama hivyo, badilisha diski kwa *DIN, hifadhi kwenye diski nyingine, ndipo ushughulikie ile iliyojaa.

Kuandika

Ukurasa wa Wordwise una herufi 40 kwa mstari. RETURN ni mwisho wa aya tu. Mistari inajipanga yenyewe. f0 inabadilisha kati ya kuingiza na kuandika juu. CTRL na A inafuta herufi iliyo chini ya kishale, CTRL na D inafuta neno zima, CTRL na S inageuza herufi ndogo kuwa kubwa. Kuhamisha aya, weka alama kwa f3 mwanzoni na mwishoni, peleka kishale unakotaka, bonyeza f8. Kunakili ni f9. Kufuta kilicho kati ya alama ni f7, na hakuna kutengua, basi hesabu hadi tatu kabla ya kuigusa.

Mpangilio huandikwa ndani ya maandishi yenyewe. Bonyeza f1, andika amri, kisha f2 au RETURN kuifunga. LL65 huweka urefu wa mstari herufi 65, LM8 pambizo ya kushoto, CE huweka mstari katikati, NJ huzuia maneno kutanuliwa ili kingo zilingane. Amri hizi huonekana kwa kijani, na hapo ndipo picha nyeusi na nyeupe inapokusumbua: kijani kinatoka kijivu. Ongeza utofauti wa mwanga kwenye televisheni mpaka vitofautiane, la sivyo utasahau kufunga amri na aya nzima itachukuliwa kuwa amri isichapwe. Ukiona aya imepotea kwenye namba 7, ya kutazama kabla ya kuchapa, usitafute kwingine.

Ritifaa ya ng' iko kwenye SHIFT na 7. Wanaoandika Luganda watumie ng' hiyo hiyo badala ya ŋ, kama ilivyozoeleka kwenye taipureta. Herufi za MODE 7 zinatoka kwenye chipu yake maalumu na hazibadilishiki. Mabano ya mraba utayaona kama mishale, usishtuke, kwenye laptopu yatarudi kuwa mabano. Alama ya pauni ndiyo itakayogeuka kitu kingine.

Mtu akigonga BREAK kwa bahati mbaya, na kitufe hicho kimekaa pabaya, usizime. Wordwise itauliza kama unataka maandishi ya zamani. Jibu Y.

Kuifungua kwa vitufe viwili

Kwenye diski yako ya kazi, ukiwa katika BASIC, andika:

*BUILD !BOOT

Mashine itatoa namba za mistari. Jaza moja moja: *TV 255, kisha *FX 11,30, kisha *FX 12,4, kisha *WORDWISE. Bonyeza ESCAPE. Halafu:

*OPT 4,3

Zile za FX zinaamua kitufe kisubiri muda gani kabla ya kujirudia na kijirudie kwa kasi gani, kwa sehemu za mia za sekunde. Rekebisha kulingana na vidole vyako. Kuanzia sasa, ukiwa umeichagua diski hiyo, shika SHIFT, gonga BREAK, achia SHIFT mwisho.

Kupeleka kazi kwenye laptopu

Njia ya kwanza ni kadi: iweke kwenye laptopu na kulitoa faili ndani ya BEEB.MMB kwa programu ya kufungulia mafaili ya MMB. Utapata ASCII tupu yenye msimbo 13 mwisho wa kila aya na alama chache za zile amri za kijani, ambazo unazifuta kwa mkono. Hata usipotoa chochote, nakili BEEB.MMB nzima kwenye laptopu kila wiki. Hiyo ndiyo akiba yako.

Njia ya pili ni waya, kupitia tundu la serial la RS423, na inafaa pale ambapo hutaki kuichomoa kadi kila mara. Unahitaji plagi ya DIN ya miguu mitano iliyopangwa kama tano ya domino, na kebo ya USB ya serial yenye viwango vya RS232. Ile ya bei rahisi ya volti 3.3 au 5 inayouzwa kwa wachezea Arduino haifai. Plagi ya domino huingia hata ikiwa kichwa chini. Mguu wa kati ni sifuri kwa hiyo hakitaungua kitu, ila hakuna kitakachopita, basi itie alama ya rangi upande wa juu. Upande wa BBC unganisha RTS na CTS, miguu ya kuomba na kupewa ruhusa ya kutuma, zenyewe kwa zenyewe, la sivyo mashine itasubiri ruhusa ya kutuma mpaka kesho.

Kwenye laptopu fungua programu ya terminali: 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimamia, bila udhibiti wa mtiririko, na uanze kurekodi. Kwenye menyu ya Wordwise andika:

*FX 8,7
*FX 5,2
*FX 6,0

Ya kwanza ni kasi ya 9600, ya pili inaelekeza uchapaji kwenye serial, ya tatu inaruhusu msimbo wa kushusha mstari upite, kwani mashine huuzuia kwa kawaida. Chagua namba 6, uchapaji. Mistari ikiandikana juu kwa juu mahali pamoja, *FX 6,0 haikuingia. Ikiachana mstari mtupu kati ya kila miwili, rudisha *FX 6,10. Weka amri ya NJ juu kabisa ya maandishi kabla ya kutuma, la sivyo utapata nafasi mbilimbili katikati ya maneno na kuzifuta ni adhabu.